Nyoka Hufuata Chakula: Kwa Nini Wanaingia Uani Mang'ola na Nini Kifanyike Anapouma

Na Mwandishi Wetu, Karatu

Zamu ya maji katika mashamba ya vitunguu ya Mang'ola haichagui saa. Mkulima ambaye zamu yake imeangukia usiku wa manane huchukua jembe na tochi, huvaa kandambili zilizo karibu na mlango, kisha huelekea mferejini kufungulia maji. Vyura wanalia pande zote. Kwa mkulima, hiyo ni sauti ya kawaida ya shamba lililopata maji. Kwa nyoka aliyejilaza kando ya tuta, vyura hao ni chakula.

Wananchi wengi huuliza kwa nini nyoka huonekana mara kwa mara katika makazi ya watu, hata pale ambapo vichaka vimefyekwa. Jibu ni kwamba nyoka haji uani kumtafuta binadamu. Binadamu si chakula chake, na sumu aliyonayo ni silaha ya kukamatia mawindo ambayo hapendi kuitumia bure. Anakuja kwa sababu mbili, yaani chakula na maficho. Vyote viwili, aghalabu, tumemwekea sisi wenyewe bila kukusudia.

Mang'ola ina mazingira yanayolifanya jambo hili kuwa zito zaidi kuliko katika maeneo mengine ya Wilaya ya Karatu. Bonde la Ziwa Eyasi ni nchi kame yenye migunga na mibuyu, na ziwa lenyewe lina maji ya chumvi. Katikati ya ukame huo zipo chemchemi, zikiwemo za Qangded, ambazo maji yake husambazwa kwa mifereji hadi mashambani. Matokeo yake ni eneo la kijani na lenye unyevu lililozungukwa na nchi kavu. Vyura huzaliana mferejini, panya hupata mbegu na nafaka mwaka mzima, ndege hukusanyika, na nyoka aliyekuwa akitembea mbali kutafuta riziki huko nyikani hukuta kila kitu mahali pamoja. Kilimo cha umwagiliaji kimeleta neema kubwa kwa Wairaqw, Wadatoga, Wanyisanzu na wengine waliohamia huko kufuata kitunguu. Neema hiyo imewafikia pia wanyama ambao hatukuwaalika.

Tuanze na panya, kwa kuwa ndiye anayewaleta nyoka wengi hadi ndani ya nyumba. Panya shamba, ambaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) mjini Morogoro wamemchunguza kwa miongo kadhaa, hubeba mimba kwa muda wa wiki tatu na siku chache tu, na huweza kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mkupuo mmoja. Mvua zikinyesha vizuri na chakula kikipatikana, idadi yake huongezeka kwa kasi ambayo paka wa nyumbani hawezi kuifikia. Panya hao hukaa katika magunia ya mahindi yaliyopangwa sakafuni, chini ya lundo la mabua, na katika pumba iliyomwagika karibu na banda la kuku. Popote panya anapoacha njia yake, harufu hubaki, na nyoka huisoma harufu hiyo kwa ulimi wake. Ule ulimi unaochezacheza nje ya kinywa haumdhuru mtu. Unakusanya chembe za harufu hewani na ardhini na kuzipeleka kwenye kiungo maalumu kilicho ndani ya paa la kinywa.

Ni vyema ieleweke kuwa panya si kero ya ghalani pekee. Mwaka 2007 katika Wilaya jirani ya Mbulu ulizuka ugonjwa wa tauni, unaoenezwa na viroboto wa panya. Kwa hiyo nyoka anayekula panya porini na mashambani anafanya kazi ambayo binadamu angeilipia. Hili si jambo la kumfanya mtu amkaribishe nyoka chumbani. Linaeleza tu kwa nini kuua kila nyoka anayeonekana, hata yule aliye mbali kwenye vichaka, hakupunguzi tatizo. Panya watabaki, wataongezeka, na nyoka mwingine atakuja kuchukua nafasi ya aliyeuawa.

Si kila nyoka anayeonekana uani ana sumu ya kumdhuru mtu. Wapo nyoka wembamba wa rangi ya kahawia wanaoingia nyumbani usiku kufuata panya na mijusi, ambao huua kwa kubana na hawana sumu. Yupo pia nyoka mla mayai, ambaye karibu hana meno kabisa, lakini akitishwa hujikunja na kusuguanisha magamba yake hadi yakatoa sauti ya kutisha kama ya kifutu. Hata hivyo, mwananchi asiye mtaalamu hapaswi kujaribu kumtambua nyoka kwa kumsogelea. Watatu ndio wanaostahili tahadhari ya pekee, nao ni kifutu, swila na koboko.

Kifutu ni mfupi na mnene, na mabaka yake hufanana na majani makavu na udongo. Tofauti na nyoka wengine, hakimbii anaposikia mtetemo wa hatua. Hutulia palepale akitegemea kutoonekana, na ndiyo maana hukanyagwa. Utafiti uliofanyika Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2015 ulionesha kuwa hata mbwa waliofunzwa kunusa walishindwa kumbaini kifutu aliyejificha, kwa sababu harufu ya mwili wake ni hafifu mno. Mwenye nyumba anayedhani mbwa wake atamjulisha kuwa kuna kifutu uani afikirie tena. Uchunguzi mwingine wa huko huko ulibaini kuwa kifutu huchezesha ulimi wake taratibu mithili ya mdudu ili kumvuta chura asogee karibu. Mkulima wa Mang'ola anaweza kuona mara moja maana ya taarifa hiyo: kingo za mfereji, mahali palipojaa vyura, ni kituo cha kuwindia cha nyoka ambaye haonekani, hanusiki na hakimbii.

Swila ni wa namna nyingine. Huyu hutembea huku na huko akitafuta, na hachagui chakula. Hula panya, vyura, vifaranga, mayai na hata nyoka wenzake. Banda la kuku ndilo linalomleta. Akizuiwa njia huinua kichwa, hutanua shingo na kutema sumu kuelekea usoni, na anaweza kumfikia mtu aliye umbali wa mita mbili au zaidi. Usiku huingia ndani ya nyumba akifuata panya, na wapo watu wanaoumwa wakiwa wamelala sakafuni au kwenye mikeka. Koboko kwa upande wake ni mrefu na mwepesi, na hupenda vichuguu, mapango ya miti na miamba. Hukaa mbali na watu kadiri awezavyo, lakini sumu yake huenda kwenye mishipa ya fahamu na hufanya kazi kwa haraka.

Chatu naye huonekana mara chache karibu na maji. Hana sumu. Huchukua kuku, mbuzi wadogo na wanyama wa porini. Kuwa na ngozi yake au kuiuza bila kibali ni kosa kisheria, hivyo anapoonekana taarifa ifikishwe kwa Mtendaji wa Kijiji ili Afisa Wanyamapori ajulishwe.

Kazi ya kuzuia basi huanzia kwenye chakula. Magunia ya mahindi na maharage yawekwe juu ya kichanja kilichoinuka kutoka sakafuni na kuachwa nafasi kati yake na ukuta, ili panya akose maficho na mwenye nyumba aweze kuona chini. Pumba na mabaki ya chakula yafagiliwe kabla ya jua kuzama. Mayai yaokotwe kila siku. Banda la kuku liwe na sakafu iliyoinuliwa na wavu wenye matundu madogo, kwa kuwa tundu linalopitisha panya hupitisha pia nyoka anayemfuata. Sumu ya panya isimwagwe ovyo, kwani bundi na paka wanaokula panya waliokufa kwa sumu hufa pia, na hao ndio wasaidizi wetu.

Baada ya chakula, maficho. Lundo la kuni, matofali, mabati chakavu na mabua lisiegemezwe kwenye ukuta wa nyumba. Kuni zipangwe juu ya nguzo fupi, mbali na mlango, na anayezichukua asiingize mkono mahali asipopaona. Msimu wa kuvuna vitunguu una hatari yake, kwa kuwa vitunguu vilivyong'olewa hufunikwa kwa majani ili vikauke na magunia hukaa shambani siku kadhaa. Kifutu hupenda kivuli cha namna hiyo. Kibarua anayeinua gunia la kwanza asubuhi aligeuze kwanza kwa fimbo au kwa mpini wa jembe.

Kuna wanaomwaga mafuta ya taa kuzunguka nyumba, wanaochoma matairi, na wanaotundika vitunguu saumu mlangoni wakiamini kuwa harufu humfukuza nyoka. Hakuna uthibitisho kwamba mbinu hizo zinafanya kazi. Na lau harufu ya kitunguu ingemfukuza nyoka, Mang'ola ingekuwa kata isiyo na nyoka hata mmoja nchini.

Kinachofanya kazi ni vitu vya kawaida. Mabuti ya mpira huwakinga wengi, kwa kuwa kifutu huuma zaidi chini ya goti. Tochi imulikwe chini, mbele ya mguu, badala ya kumulikwa mbali. Fimbo ipigwe ardhini kwa kuwa nyoka huhisi mtetemo vyema, ijapokuwa, kama ilivyoelezwa, kifutu hatahama. Kitanda kilichoinuka na chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro humzuia swila kumfikia aliyelala, na hiyo ni faida ya pili ya chandarua ambayo hutajwa mara chache. Vibarua wanaolala kwenye vibanda vya shambani wakati wa mavuno ndio wenye uhitaji mkubwa zaidi wa kinga hii, na mwenye shamba anayewaajiri ana wajibu wa kuifikiria.

Nyoka akionekana ndani ya nyumba, watu warudi nyuma taratibu, watoto watolewe nje, na mtu mmoja amtazame akiwa mbali ili ijulikane alikoelekea. Mlango uachwe wazi. Nyoka wengi hutoka wenyewe wakipata njia. Sehemu kubwa ya ajali hutokea pale mtu anapojaribu kumuua au kumshika. Hata nyoka aliyekatwa kichwa si salama, kwa sababu kichwa huendelea kuwa na uwezo wa kuuma kwa muda baada ya kufa.

Sumu ya swila ikiingia machoni, macho yaoshwe papo hapo kwa maji mengi safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, kope zikiwa zimefunguliwa, kisha mgonjwa apelekwe kituo cha afya. Asisugue macho. Asitiwe majani, wala dawa ya mitishamba. Jicho lililooshwa mapema kwa kawaida hupona. Lililocheleweshwa linaweza kupata vidonda na kupoteza uwezo wa kuona.

Kuhusu kuumwa, Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu wapatao milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka duniani, kati yao milioni 1.8 hadi 2.7 hupata madhara ya sumu, na watu 81,000 hadi 138,000 hufariki dunia. Mwaka 2017 shirika hilo liliingiza madhara ya sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyokuwa hayapewi kipaumbele, na mwaka 2019 likazindua mkakati wa kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo mwaka 2030.

Takwimu hizo zina jambo moja ambalo kila familia inapaswa kulitafakari. Ikiwa ni watu milioni 5.4 wanaoumwa lakini wasiozidi milioni 2.7 wanaodhurika, basi nusu au zaidi ya wanaoumwa hawakuingiwa na sumu ya kudhuru. Ama waliumwa na nyoka asiye na sumu, ama mwenye sumu hakuitoa. Hapo ndipo sifa ya jiwe la nyoka ilipozaliwa. Mtu ameumwa, amewekewa jiwe jeusi kwenye jeraha, amepona. Kijiji kizima kinalisifu jiwe. Lakini mtu huyo angepona hata kama angewekewa kipande cha mkaa. Jiwe hilo hilo likiwekwa kwa aliyeingiwa na sumu, halitoi chochote, ilhali saa zinapita. Waganga wa jadi wanaheshimika katika jamii zetu na mara nyingi ndio wa kwanza kuitwa. Msaada mkubwa ambao mganga anaweza kuutoa ni kumwambia mgonjwa na ndugu zake waondoke sasa hivi kwenda kituoni, kwa kuwa neno lake husikilizwa.

Vivyo hivyo, kufunga kamba juu ya jeraha kuna madhara makubwa. Sumu ya kifutu na ya swila huharibu nyama palepale ilipoingia. Kamba inayokaza huifungia sumu mahali pamoja na kuzuia damu, na mguu ambao ungepona unaweza kukatwa. Kuchanja kwa wembe humwongezea mgonjwa damu inayotoka, hasa kama sumu imeathiri uwezo wa damu kuganda. Kunyonya jeraha hakutoi sumu. Pombe na shoti ya umeme havisaidii kitu.

Yanayosaidia ni machache. Mgonjwa atulizwe na alazwe. Pete, saa, viatu na bangili vivuliwe mara moja kabla uvimbe haujaanza. Kwa akina mama wa Kidatoga wanaovaa bangili nyingi za shaba mikononi, jambo hili lifanyike kwanza kabla ya jingine lolote, kwani mkono ukivimba chuma hakitoki. Mguu au mkono uliojeruhiwa ufungwe kwenye ubao au fimbo mbili kama unavyofungwa uliovunjika, bila kukazwa, ili usitikisike. Mgonjwa asitembee ikiwezekana. Akitapika au akilegea alazwe ubavu. Saa aliyoumwa iandikwe. Nyoka hahitaji kukamatwa wala kubebwa. Picha ya simu iliyopigwa kwa mbali inatosha, na isipopatikana, tiba itatolewa kwa kufuata dalili.

Mang'ola iko takriban kilomita 50 kutoka Karatu mjini, na usafiri wa usiku mara nyingi ni pikipiki. Mgonjwa akae katikati ya dereva na mtu wa kumshika, asiachwe ajishike mwenyewe. Kabla ya kuondoka, Mwenyekiti wa Kitongoji au Mhudumu wa Afya Ngazi ya Jamii apige simu kituoni kueleza kuwa mgonjwa anakuja na kuuliza kama dawa ya sumu ya nyoka ipo, ili kama haipo safari ielekezwe inakopatikana bila kupoteza saa mbili njiani. Familia isingoje dalili ndipo iondoke. Uvimbe wa kifutu huanza mapema na huambatana na maumivu makali na malengelenge. Sumu ya koboko huweza kuonekana kwanza kwa kope kulegea na mgonjwa kushindwa kumeza, na baada ya hapo pumzi hukatika.

Yapo mambo yanayofanyika kituoni ambayo ndugu wa mgonjwa huyatafsiri vibaya. Mhudumu huchukua damu kidogo, huiweka kwenye chupa safi ya kioo na kuiacha itulie kwa dakika 20. Huo si uzembe. Damu ikibaki kuwa majimaji baada ya muda huo, ni ishara kuwa sumu imeharibu uwezo wa kuganda. Vilevile si kila aliyeumwa hupewa dawa ya sumu. Dawa hiyo hutengenezwa kutokana na damu ya wanyama, aghalabu farasi, waliochanjwa kwa kiasi kidogo cha sumu hadi miili yao ikatengeneza kinga. Kwa sababu hiyo inaweza kuleta mzio mkali, na hutolewa mgonjwa anapoonesha dalili, akiwa chini ya uangalizi. Asiye na dalili hubaki kituoni kwa saa kadhaa, mara nyingi hadi saa 24, na asiondolewe na ndugu kwa kuonekana mzima.

Mzazi anaweza kushangaa mtoto wake mdogo anapopewa kiasi kile kile cha dawa anachopewa mtu mzima. Ndivyo inavyopasa, kwa kuwa nyoka hapunguzi sumu kwa kuwa aliyeumwa ni mtoto, na dawa hupimwa kwa sumu wala si kwa uzito wa mwili. Baada ya kuruhusiwa, mgonjwa aliyepewa dawa hiyo akipata homa, maumivu ya viungo au vipele katika wiki ya kwanza au ya pili, arudi kituoni na kueleza kuwa alitibiwa sumu ya nyoka. Kwa ushauri, wananchi wanaweza kupiga simu bila malipo kwa namba 199 ya Wizara ya Afya.